Mkeka Katika Ukumbi wa Utulivu

Nchi ninayoisimulia si yako, msomaji, kwa hiyo kaa kwa raha. Usiitafute kwenye ramani, na ukidhani umeitambua, nyamaza, kama tunavyofanya sisi tuliozaliwa humo. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni adabu tu, na adabu kwetu ina kifungu chake cha sheria.

Zamani serikali yetu ilikuwa na shida moja: watu walikuwa wakilalamika. Wakilalamika wanapigwa, wakipigwa wanalalamikia kipigo. Virungu vilichakaa, askari wakaumwa mabega, zahanati yao ikajaa wagonjwa wa kupiga. Hali iliendelea hivyo mpaka alipopatikana Daktari Kasiano Mwalyego.

Daktari huyu alikaa ng'ambo miaka saba akisomea kuta. Wenzake walisomea moyo na figo, yeye kuta, na madirisha kidogo. Siku aliyorudi alipelekwa moja kwa moja kwa Mtukufu Mlezi wa Taifa, naye akamuuliza anaweza kutibu nini.

"Mtukufu," alisema Daktari, "mtu hafikiri kwa kichwa. Mtu anafikiri kwa chumba. Ukimweka penye dari ya juu, mawazo yake yanapanda. Ukimweka penye dari fupi, anafikiria kilicho mbele ya pua yake. Rangi inampandisha hasira au inamshusha. Kiti kinamwamsha au kinamlaza. Sasa virungu vya nini?"

Mtukufu, ambaye haamini jambo mpaka alione likimpata mtu mwingine, aliagiza jaribio. Baraza zima la mawaziri likaingizwa kwenye stoo ya vyakula ya Ikulu, yenye dari ya futi sita. Kwa saa nne mawaziri wale walijadili ni nani aliyekula sambusa ya ziada. Kisha wakahamishiwa kwenye ukumbi wa zamani wa gavana, ambao dari yake ina futi arobaini. Haikupita robo saa, Waziri wa Mifugo, mtu mpole ambaye hakuwahi kusema lolote tangu aapishwe, akatazama juu, akauliza: "Hivi jamani, sisi tunaelekea wapi?"

Utafiti ukathibitishwa pale pale. Daktari akapewa wizara, Waziri wa Mifugo akapumzishwa. Mpaka leo anapumzika, na mke wake anaomba aambiwe anapumzikia wapi.

*

Basi kazi ikaanza. Dari za shule zote zilishushwa hadi futi saba. Maktaba ya chuo kikuu ilikatwa kwa mbao ikawa ghorofa tatu, na wanafunzi warefu wakashauriwa wachague masomo ambayo vitabu vyake viko rafu za chini. Madirisha yalipandishwa hadi yasiweze kutazamika, kwa kuwa mtoto anayetazama nje huanza kulinganisha. Misikiti na makanisa yaliachiwa kimo chake baada ya viongozi wa dini kuahidi kwa maandishi kwamba waumini watainamisha vichwa. Na kuta zote za umma zikapakwa rangi moja aliyoibuni Daktari mwenyewe, rangi ya uji uliopoa, ambayo ukiitazama dakika kumi hujui tena ulikuwa unagombana na nani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ilifanya kazi. Watoto waliacha kuuliza kwa nini, wakawa wanauliza kengele inalia saa ngapi. Walimu walishukuru.

Lakini kazi iliyompa Daktari nishani ni Ukumbi wa Utulivu, pale Ofisi Kuu ya Malalamiko. Mimi nilikuwa Msimamizi wake, na naomba niueleze kwa kirefu, kwa sababu niliupenda ukumbi ule kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa mkono wake.

Haukuwa na pembe. Kuta zilipinda zote, maana Daktari aligundua kwamba mtu akikodolea pembe macho hukumbuka mambo. Hapakuwa na saa. Taa zilifichwa, mwanga ukatoka kila upande, mtu akawa hana kivuli wala hajui kama ni asubuhi au alasiri. Viti vilikuwa vya sponji, vimelazwa nyuma kidogo, kiasi kwamba mtu akitaka kuinuka lazima agune mara tatu, na akifika guno la pili anaona haina haja. Juu ya mlango palikuwa na bomba lililotoa harufu ya maandazi ya iliki. Maandazi yenyewe hayakuwepo. Daktari alisema harufu inatosha, maandazi yangewapa watu nguvu.

Mwananchi alichukua namba akakaa. Katika kila mia walioingia, watatu walifika dirishani kwangu, na katika hao watatu, wawili waliuliza choo kiko wapi. Namkumbuka mzee mmoja aliyeingia anatetemeka kwa hasira, shamba lake limechukuliwa na mkuu wa wilaya. Saa tisa alinipa mkono kupitia kidirisha, akanishukuru sana kwa viti. Hati zake za shamba alizisahau kitini. Tulizihifadhi vizuri.

Mimi mwenyewe nilikaa nyuma ya kioo, juu ya kigoda cha mninga kisicho na mto, kwa amri, nisije nikatulia pamoja na wananchi. Chini ya kiwiko changu palikuwa na kabati la majalada lenye majibu ya malalamiko yote. Watu huisingizia serikali yetu kwamba haina majibu. Yalikuwepo, yamepigwa chapa na kugongwa mhuri, yamepangwa herufi kwa herufi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafuata.

*

Mama Kiangi alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, mwembamba, asiye na makuu. Mwanawe Kiangi alikuwa fundi rangi. Alipewa kazi ya kupaka darasa la tatu la shule ile ile rangi ya uji, na kuta alizipaka kama alivyoagizwa. Alipofika kwenye dari, akapaka samawati. Tena akaongeza mawingu mawili.

Kwa siku mbili watoto wa darasa la tatu walisoma wameinua shingo. Siku ya tatu mmoja akamuuliza mwalimu kama mawingu yanahitaji kibali. Jioni hiyo Kiangi alichukuliwa. Ofisa aliyemkamata aliandika, kwa huruma, kwamba wingu moja lingevumilika.

Mama yake alikuja kwetu wiki iliyofuata, macho mekundu, akachukua namba sitini na moja, akakaa. Kufika saa sita alikuwa anatabasamu. Alirudi kwake, akawasha moto, akaiona ngazi ya mwanawe imeegemezwa ukutani, akapiga ukelele uliosikika hadi kwa majirani. Wiki iliyofuata akaja tena, akakaa, akatabasamu, akarudi kwa ngazi ile. Mara kumi na moja. Kwenye taarifa yangu ya robo mwaka nilimwandika kuwa mteja wa kudumu aliyeridhika na huduma.

Mara ya kumi na mbili alikuja na mkeka.

Koplo Mashimba wa mlangoni alimzuia.

"Mama, hicho nini?"

"Mkeka."

"Wa nini sasa? Viti si vipo?"

"Viti vyenu navijua. Nikivikalia nakuwa zuzu. Leo nimekuja kukaa matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mwanangu. Angekuwa hai angeshatuma salamu. Nyumbani mmenikataza, mmesema bila cheti cha kifo hakuna msiba, na watu wakizidi watano huo ni mkutano. Haya, cheti kiko humu. Nitakisubiria humu humu, nimekaa kama mfiwa anavyokaa."

Koplo akapekua Kanuni za Ukumbi. Zilikataza silaha, mabango, filimbi, darubini na mbuzi. Mkeka haukutajwa, wala hapangepatikana mtu wa kuutaja, kwa kuwa akina mama wa chama humsukia Mtukufu mkeka mpya kila sikukuu ya kuzaliwa kwake. Koplo akampisha.

Mama Kiangi alitandika mkeka katikati ya ukumbi, akavua viatu, akakaa, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu watu wetu ambalo Daktari, kwa miaka yake yote saba, hakulisoma popote. Unaweza kumnyang'anya mtu wetu shamba, ukamnyang'anya na mume, naye akakaa kitini akanusa maandazi. Lakini huwezi kumkalisha kitini wakati mfiwa yuko chini. Hilo hana uwezo nalo. Alifundishwa na bibi yake kwa kufinywa paja, na paja halisahau.

Wa kwanza alikuwa ajuza mwenye namba kumi na saba. Aliguna mara tatu, akainuka, akateremka mkekani.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama."

"Nani kakutoka?"

"Kiangi wangu. Fundi rangi."

Ajuza alitikisa kichwa. Kisha akashika mdomo kwa viganja vyote viwili. "Jamani! Na mimi nilikuja kumuulizia mume wangu! Tangu mwaka juzi nakuja hapa. Nakuja, nakaa, narudi. Nilikuwa nadhani nakuja kupumzika."

Kule chini mambo yalikuwa tofauti. Sakafu ilikuwa saruji tupu, ya baridi. Rangi ya uji iliishia pale yanapoishia macho ya mtu aliye kitini, na chini ya hapo ukuta ulibaki kama ulivyojengwa. Harufu ya maandazi ilipita juu ya vichwa. Tena mkekani hakuna pa kuegemea, kwa hiyo watu huegemeana, na wakishaegemeana huanza kuulizana habari.

Akateremka wa pili, wa tano, wa ishirini. Kila aliyeteremka alitoa pole, na kila aliyetoa pole alikumbuka yake. Kufika adhuhuri viti vyote vilikuwa vitupu, na ndani ya Ukumbi wa Utulivu kilisikika kilio, kitu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro.

*

Nilimwita Daktari, kama kanuni zinavyotaka. Alikuja na tepu na pima maji. Akapima mlalo wa viti, akapima mwanga, akapanda ngazi akanusa bomba.

"Kila kitu kiko sawa," alisema kwa hasira. "Kwa nini wanalia?"

"Wamekaa chini, Mheshimiwa."

"Chini? Nani kawaambia wakae chini?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni msiba."

"Nimesoma vitabu mia tatu mimi! Vyote vinaanzia kitini!"

"Kwani kwenu mkifiwa mnakaa wapi?" Swali lilinitoka tu. Kigoda cha mninga kina hasara zake.

Daktari alikunja tepu yake taratibu. "Mama alifariki nikiwa mwaka wa tano kule," alisema. "Walinipigia simu. Nilikuwa maktaba. Nilipokea nimesimama." Alitazama mkeka kwa muda kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Kisha akakikumbuka cheo chake, akaenda kuunda kamati.

Kamati ilikuwa na wajumbe tisa, ikakutana kwenye chumba chenye dari ya futi sita na nusu, kwa hiyo ilijadili sakafu tu. Mmoja alipendekeza iwekewe kokoto zenye ncha. Mwingine alitaka imwagiwe maji kila nusu saa, kwa sababu za usafi. Wa tatu, mwanasheria, alirasimu muswada wa kutambua msiba wa kukaa kitini, wenye vifungu thelathini na moja. Mjumbe mmoja aliuliza kama mama yule hawezi kupewa tu jibu lake. Kwenye muhtasari iliandikwa kwamba mjumbe huyo alikuwa amechoka.

Wakati wao wanabishana, wenye msiba walikuja kila asubuhi tulipofungua mlango, wakatoka tulipofunga. Wengine walileta mikeka yao. Wa siku ya pili walileta na chai.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Kiangi aliinua uso akanitazama kupitia kioo.

"Na wewe baba," alisema, "kwenu hamjui msiba?"

"Niko kazini, mama."

"Kazi haimkatazi mtu kutoa pole. Leo ni siku ya tatu. Matanga yanaanuliwa leo, na mimi sijui naanua nini. Sina kaburi, sina cheti. Nikitoka hapa natoka na nini?"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Hawakunitukana, na ningependa wangenitukana, kwa matusi kuna fomu. Walinitazama tu, kama watu wanaomsubiri jirani aliyechelewa msibani.

Nilitazama chini ya kiwiko changu. Herufi K. Mara kumi na mbili mama yule alikuja, na mara zote jalada lile lilikuwa shubiri moja kutoka mkono wangu. Hakuna aliyenikataza kulifungua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama wangenikataza, ningekuwa na la kusema. Nilimwona anaingia analia na anatoka anacheka, na mimi nikaandika kwamba ameridhika.

Nikalichukua. Nikafungua mlango wa pembeni, nikavua viatu, nikakaa mkekani. Saruji ilikuwa baridi kweli.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, baba. Soma."

Jalada lilikuwa na kurasa tatu. Nikasoma kwa sauti, kama lilivyoandikwa.

"'Chumba Namba Nne, mahususi kwa wenye mawazo ya juu. Kazi ya Daktari K. Mwalyego. Kimo, futi tatu na inchi tisa. Urefu, futi nne. Upana, futi tatu. Rangi, uji. Mwanga, hafifu, hauzimwi. Lengo: kushusha mawazo ya mhusika hadi kiwango cha kitaifa.'"

Nikafungua ukurasa wa pili.

"'Siku ya tatu mhusika aliomba kusimama. Siku ya tisa aliacha kuomba. Mawazo yameanza kushuka. Siku ya kumi na mbili aliacha kuzungumza, matokeo yanaridhisha. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, chumba kilikaguliwa na kukutwa katika hali nzuri.'"

"Soma ya mwanangu," alisema Mama Kiangi.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Hiyo ni ya chumba."

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja. "'Mhusika alitolewa kupisha mwingine. Makaburi ya Serikali, safu ya sita, namba themanini na mbili.'"

Wanawake waliomzunguka walilia. Yeye hakulia. Aliweka kiganja juu ya mkeka akaanza kupima kwa shubiri: moja, mbili, tatu, nne, tano, na kidogo. Zote futi nne zikaisha. Akautazama mkono wake pale ulipokomea.

"Kiangi akisimama jikoni kwangu kichwa kinagusa paa," alisema. "Akilala, miguu inatoka nje ya kitanda. Siku kumi na tisa alikaa humo amejikunja." Kisha akanigeukia. "Walipomtoa, nani alimnyoosha?"

Kwetu maiti hunyooshwa. Mtu wa karibu humfumba macho, humfunga kidevu, humnyoosha mikono na miguu kabla hajakakamaa, ili aende kwa Mungu amenyooka. Hakuna asiyelijua hilo. Mimi nilimfanyia baba yangu, magoti yake nayakumbuka mpaka leo.

Nilirudia kurasa zote tatu. Kimo, urefu, upana, rangi, mwanga. Nikageuza hadi mgongo wa jalada.

"Haikuandikwa, mama."

"Kwa hiyo hakunyooshwa."

"Sijui."

"Unajua, baba."

Nilijua. Mtu hawezi kukaa miaka sita kwenye kabati lile asijue. "Hakunyooshwa, mama," nilisema.

Aliinuka bila kuguna. Watu wakasogea, akaukung'uta mkeka, akaukunja, akaubana kwapani.

"Nipeleke kwenye hiyo safu ya sita. Nikamnyooshe mwenyewe."

"Mama, ni mbali. Pana walinzi. Na baada ya miezi yote hii, hata tukifika..."

"Nimekaa vya kutosha," alisema, akanipa mkono niinuke.